Jiwe moja, fuwele mbili: mwanga mrefu unavyosoma vitu vya nanomita

Kwangua ukuta wa nyumba kongwe ya Mji wa Kale, Mombasa, utakuta jiwe la matumbawe, chokaa iliyoshikanisha mawe, na lipu ya juu. Mkemia akizipima sehemu zote tatu atakupa jibu lile lile: kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Si ajabu. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kaboneti hiyo. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni hadi kaboni dioksaidi ikatoka, yakamwagiwa maji, yakapakwa ukutani, na pale ukutani yakaivuta tena kaboni dioksaidi kutoka hewani taratibu mpaka yakarudi kuwa kaboneti.

Fomula ni moja lakini fuwele ni mbili. Tumbawe bichi ni aragonaiti. Chokaa iliyokomaa ukutani ni kalsaiti. Atomu ni zile zile, zimepangwa tofauti. Na mwamba wa matumbawe uliopigwa na mvua kwa maelfu ya miaka hugeuka vipande vipande, hapa aragonaiti, pale kalsaiti. Aragonaiti huyeyuka majini kwa wepesi kidogo kuliko kalsaiti, kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini chokaa fulani imeng'ang'ania jiwe na nyingine imebanduka, atataka kujua ni fuwele gani iliyoko pale zinapogusana. Mpaka huo unaweza kuwa na upana wa nanomita mia chache tu, yaani chini ya nusu ya maikromita (maikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita).

Kuna mwanga unaozitofautisha fuwele hizi bila shida: infraredi, mwanga usioonekana wenye wimbi refu kuliko mwekundu. Ndani ya kila kundi la kaboneti, atomu 1 ya kaboni imezungukwa na oksijeni 3, na kundi zima hutikisika kwa namna zake. Mtikisiko mmojawapo, kaboni ikipanda na kushuka kupenya bapa la oksijeni, hufyonza infraredi ya mawimbi 876 kwa sentimita katika kalsaiti, na takriban 856 katika aragonaiti. Namba hizo maana yake ni mawimbi mangapi yanaenea ndani ya sentimita 1. Pengo la 20 ni kubwa. Mashine ya kawaida ya infraredi huliona.

Taabu ni urefu wa wimbi lenyewe. Mawimbi 876 kwa sentimita ni sawa na wimbi la maikromita 11.4, na 856 ni maikromita 11.7. Tunataka kusoma kitu cha maikromita 0.1 kwa kalamu ambayo nibu yake ni nene mara mia na zaidi.

Lenzi inakwamia wapi

Msimu wa kusi, wimbi kubwa linaloingia kutoka bahari kuu hupita kwenye mti wa kufungia mashua kana kwamba mti haupo. Nyuma ya mti hakuna alama. Vijiwimbi vidogo vya upepo, vyenye urefu unaokaribiana na unene wa mti, ndivyo vinavyogonga, vinagawanyika, na kuacha mchoro majini. Mwanga una tabia hiyo hiyo. Ernst Abbe aliiandikia hesabu mwaka 1873: umbali mdogo kabisa ambao lenzi inaweza kutenganisha ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara mbili ya uwezo wa lenzi kukusanya mwanga wa pembeni. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 na lenzi bora yenye uwezo wa 1.4, unapata karibu nanomita 200. Kwa infraredi ya maikromita 11.5 na lenzi ya 0.5, unapata maikromita 11.5. Ukinunua lenzi ghali zaidi utapunguza kidogo, hutafika 0.1.

Ila hesabu ya Abbe inahusu mwanga uliokwisha kusafiri. Hapa ndipo wengi hupitiwa. Kitu kidogo kikimulikwa, habari zake zote ndogondogo huwa zimo kwenye uga wa mwanga (nguvu zake za umeme na sumaku) ulioko juu yake, lakini sehemu ya uga inayozibeba haisafiri. Inafifia ndani ya umbali unaolingana na ukubwa wa kitu chenyewe: cha nanomita 20, uga wake unakufa ndani ya makumi machache ya nanomita. Huo ndio uga wa karibu. Ni kama kikuba cha asumini kisicho na upepo wa kukisaidia. Aliyekivaa anasikia harufu, aliyekaa naye ubavuni anasikia, aliye ng'ambo ya barabara hapati kitu hata awe na pua ya namna gani. Lenzi ni pua iliyo ng'ambo ya barabara.

Kutoka tundu hadi ncha

Wa kwanza kuandika namna ya kusogeza pua alikuwa Edward Hutchinson Synge wa Ireland, mwaka 1928. Alichochapisha ni mpango wa kupitisha mwanga kwenye tundu dogo kuliko wimbi lake, kulisogeza tundu hilo karibu kabisa na sampuli, na kulipeleka mstari kwa mstari. Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia Einstein wazo jingine, la kutumia chembe ndogo inayotawanya mwanga badala ya tundu. Ufundi wa kushikilia kitu nanomita chache juu ya kingine haukuwapo, kwa hiyo yote mawili yakalala. Ash na Nicholls walionyesha London mwaka 1972 kwamba tundu linafanya kazi kwa mawimbi ya maikro yenye urefu wa sentimita 3. Mwaka 1984 Dieter Pohl na wenzake huko Uswisi wakafanikiwa kwa mwanga unaoonekana.

Tundu lina ubaya wake. Likiwa dogo kuliko wimbi, mwanga unaopenya hupungua kwa kipeo cha sita cha kipenyo: likate tundu nusu, mwanga unapungua mara 64. Kwa mwanga unaoonekana watu hutumia uzi wa kioo uliochongwa na kupakwa alumini, wakabaki na tundu la nanomita 50 hadi 100. Ukiongeza nguvu ya leza ili kufidia, alumini inapata moto na kubanduka. Kwa wimbi la maikromita 11.5 usijaribu.

Lililoshinda ni lile wazo la kwanza la Synge, la chembe inayotawanya mwanga. Badala ya tundu unatumia ncha ya hadubini ya nguvu za atomiki, chombo kinachopapasa uso wa sampuli kwa ncha kali, kilichobuniwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986. Ncha ni ya silikoni iliyopakwa platini na iridi, au dhahabu, ina urefu wa maikromita 10 hadi 15 na mwisho wake una nusu-kipenyo cha nanomita 20 hivi. Imebebwa na mkono mwembamba unaotikisika juu na chini, tuseme mara 270,000 kwa sekunde, kwa kimo cha nanomita 50 au 60. Kioo kilichopinda kinakusanya leza ya infraredi juu yake.

Metali ile ndefu ni antena. Umeme wa wimbi unakimbilia mwisho wa ncha na kujirundika pale, ukitengeneza doa la uga lenye upana unaofuata ukali wa ncha, bila kujali urefu wa wimbi. Ncha inapoukaribia uso wa sampuli, sampuli inajibu kama kioo kisicho kamili: chaji za ncha zinajenga taswira yake ndani ya jiwe, na taswira hiyo inaivuta ncha itawanye mwanga zaidi au pungufu. Nguvu ya jibu inategemea dutu iliyo chini na rangi ya infraredi iliyotumika, yaani urefu wa wimbi lake. Basi ukipima mwanga unaotawanywa na ncha, unapima jiwe lililo chini yake, nanomita 20 kwa 20.

Kutupa mwanga

Kufika hapo ni hadithi nzuri inayosimuliwa kila mahali. Wanachoruka ni kwamba karibu mwanga wote unaofika kwenye kipokezi hauna habari yoyote ya maana. Doa la leza lina upana wa maikromita 11 au zaidi. Eneo lililo chini ya ncha ni kama sehemu 3 kwa milioni ya doa hilo. Mwili wa ncha unatawanya mwanga, mkono unatawanya, mikwaruzo ya sampuli inatawanya. Chombo hiki ni mashine ya kutupa mwanga, na mtu asiyejua mwanga unatupwaje ataamini picha za uongo.

Hila ya kwanza ni ule mtikisiko. Fikiria mashua iliyofungwa gatini, na gati limetundikwa tairi. Maji yanaipandisha na kuishusha polepole, na kila inapofika chini inaligusa tairi: du. Kupanda na kushuka ni kulaini. Kugonga ni kufupi, kukali, mara moja kwa kila mzunguko. Anayesikiliza kwa sikio tu atasikia maji, upepo na mbao vimechanganyika. Lakini mlio wa kugonga, kwa kuwa ni wa ghafla, una sauti za juu ambazo mwendo laini wa mashua hauna.

Ncha nayo hivyo hivyo. Inapopanda na kushuka nanomita 60, mwanga unaotawanywa na mwili wake hubadilika kidogo na kwa ulaini, kwa sababu nanomita 60 si kitu mbele ya wimbi la maikromita 11.5. Badiliko hilo linasikika kwenye masafa yale yale ya mtikisiko, 270,000. Uga wa karibu, kinyume chake, unalipuka pale tu ncha inapofika chini kabisa, kisha unakufa. Mlipuko huo unazaa hamoniki, yaani masafa ya juu yaliyo mara mbili, mara tatu, mara nne ya yale ya mtikisiko: 540,000, 810,000, 1,080,000. Mashine inasikiliza hamoniki ya pili, ya tatu au ya nne peke yake na kuacha nyingine zipite. Kwa infraredi, ya pili au ya tatu mara nyingi hutosha. Kwa mwanga unaoonekana, ambao wimbi lake ni fupi, uchafu hupanda hadi hamoniki za juu, na wengi hukimbilia ya tatu au ya nne. Kila ukipanda, picha inasafika na alama inadhoofika, kwa hiyo usipande kuliko inavyohitajika.

Hata hivyo hamoniki haimalizi kazi. Mwanga mchafu uliobaki unaungana na mwanga safi kwenye kipokezi na kuuzidisha au kuupunguza, maana kipokezi hupima nguvu, nayo ni zao la mawimbi yaliyokutana. Dawa ni intaferomita: leza inagawanywa njia mbili, moja inakwenda kwenye ncha, nyingine kwenye kioo cha rejea, kisha zinakutanishwa. Kioo cha rejea kinatikiswa kwa mamia machache ya mizunguko kwa sekunde, na alama inayotakiwa inahamia pembeni mwa hamoniki, mahali ambapo uchafu haufiki. Faida ya ziada ni kwamba unapata vitu viwili kwa pamoja: kimo cha wimbi lililotawanywa, na fezi yake, yaani limechelewa kiasi gani. Fezi ndiyo itakayotusaidia kujua madini.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi na isirukwe kamwe. Iondoe ncha juu ya sampuli polepole, nanomita 200, huku ukiandika alama. Kwenye hamoniki ya tatu inatakiwa kuporomoka ndani ya nanomita 20 hadi 40 na kuzama kwenye kelele. Ikibaki juu ya kelele hata ukiwa mbali, au ikishuka na kupanda tena, unapima uchafu. Punguza kimo cha mtikisiko, panga upya leza kwenye ncha, au panda hamoniki moja. Usianze kupiga picha kabla mchoro wa alama hiyo haujakaa sawa.

Kusoma spektra

Kwa leza ya rangi moja unapata ramani ya rangi hiyo tu. Ili kupata spektra nzima mahali pamoja, yaani jibu la jiwe kwa kila rangi ya infraredi, leza inabadilishwa na chanzo kinachotoa ukanda mpana wa infraredi kwa pamoja, na kioo cha rejea kinasogezwa polepole badala ya kutikiswa. Kila rangi inachora mawimbi yake kadiri kioo kinavyosogea, na kompyuta inazitenganisha kwa hesabu ya Fourier. Kioo kikisogea milimita 0.8, njia ya mwanga inabadilika milimita 1.6, na unaweza kutenganisha mistari (mahali dutu inapofyonza infraredi, kama pale 876) iliyopishana kwa takriban mawimbi 6 kwa sentimita. Kwa pengo letu la 20 inatosha. Kukisogeza zaidi ni kupoteza muda na kuongeza kelele.

Spektra ghafi haina maana peke yake, kwa kuwa ina sura ya chanzo, vioo na ncha. Unapima kwanza kwenye dhahabu safi au silikoni, kwa ncha ile ile na mpangilio ule ule, kisha unagawanya. Baada ya hapo fezi ya dutu inayofyonza kiasi hufanana na spektra ya ufyonzaji ya kawaida, na unaweza kuilinganisha na zilizomo vitabuni.

Neno "kiasi" hapo lina uzito. Kaboneti ina mstari mwingine mnene sana, karibu na 1,430, na wageni wa kazi hii huukimbilia kwa sababu ni mkubwa. Dutu inapofyonza kwa nguvu hivyo, jibu lake kwa ncha linahama na kupinda, na kilele hakikai pale kitabu kinaposema. Mstari mwembamba wa 876 au 856 una adabu zaidi.

Nao una mtego wake. Mtikisiko ule wa kaboni unakwenda kwenye mhimili mmoja wa fuwele, na uga chini ya ncha umesimama wima kwa sehemu kubwa. Chembe ya kalsaiti ikiwa imelala, mhimili wake ukiwa sambamba na uso, mstari wa 876 unanyongea hata ukadhani umeondoka. Hapo ukiandika "hapa hapana kalsaiti" umekosea. Tazama mstari ulio karibu na 713, ambao mtikisiko wake uko kwenye bapa lililokingamana na mhimili huo na huonekana pale ule mwingine unapojificha, kama chanzo chako na kipokezi chako vinafika huko chini. Vikishindwa, pima chembe nyingi kabla ya kusema lolote.

Kuna mfano uliochapishwa wa kazi hii. Mwaka 2012 kundi lililokuwa na Fritz Keilmann, mmoja wa waanzilishi wa mbinu hii ya ncha, lilipima gamba la kome lililokatwa na kung'arishwa. Kalsaiti na aragonaiti zilijitenga wazi kwa usahihi wa nanomita 20, na katikati yake vikaonekana vichembe vya fosfeti ambavyo hakuna aliyekuwa akivitafuta.

Kutayarisha jiwe

Kabla ya jiwe, kibali. Kuta za Fort Jesus na majengo yaliyohifadhiwa ya Mji wa Kale hayakwanguliwi ovyo. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo ya kuulizwa, na kipande kilichokwisha anguka kinatosha. Milimita 5 zinatosha na kubaki.

Ncha inataka uso ulio sawa, mabonde na vilima visizidi nanomita 20 katika eneo utakalopima. Jiwe la matumbawe limejaa matundu, kwa hiyo hulazwa kwenye resini ya epoksi chini ya pampu ya ombwe ili resini iingie ndani, kisha huachwa ikauke siku nzima bila moto. Baadaye ni msasa: namba 400, 800, 1200, halafu unga wa almasi wa maikromita 3, 1, na 0.25. Tumia spiriti au mafuta mepesi badala ya maji, maana maji yanakula kaboneti polepole na kuacha kingo za chembe zimeviringika.

Makosa mengi ya hatua hii hujitokeza baadaye yakiwa yamevaa sura ya ugunduzi. Msasa wa kawaida umetengenezwa kwa silikoni kabidi. Chembe zake hukwama kwenye matundu ya jiwe, na silikoni kabidi ni mojawapo ya dutu zinazojibu kwa nguvu kupindukia chini ya ncha, karibu na mawimbi 920 kwa sentimita, jirani kabisa na mistari yetu. Punje moja itawaka kwenye ramani kama taa ya karabai. Almasi haina mstari mahali hapo, ndiyo maana hatua za mwisho ni za almasi, na kati ya hatua na hatua kipande huoshwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti lenye spiriti. Epoksi nayo ina mstari karibu na 830, ambao macho yenye haraka huuita aragonaiti iliyohama. Ujue kwa ndugu zake: epoksi ina mistari mingine karibu na 1,510 na 1,608, ambayo kaboneti haina. Pima kwanza mahali penye resini tupu, uiweke spektra hiyo kando, ndipo uende kwenye jiwe.

Kisha chumvi. Ukuta wa pwani umeinywa miaka mingi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu na kuwa maji yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75, na Mombasa hewa hufika hapo mara kwa mara, usiku hasa. Sampuli iliyong'arishwa leo na kuachwa mezani inaweza kukutwa kesho ina vidimbwi vidogo na fuwele mpya za chumvi juu yake. Itunze kwenye chupa iliyozibwa yenye jeli ya silika, na jeli ikibadilika rangi ikaushe jikoni kabla ya kuirudisha.

Hewa ya pwani

Mwenye nia ya kuweka chombo cha namna hii Mombasa aanze na chumba, si na mashine. Unyevu ushushwe chini ya asilimia 40. Ukizidi, uso wa kila kitu hubeba utando wa maji wenye unene wa molekuli kadhaa. Ncha inaposhuka inanaswa na maji, mtikisiko unaruka, na picha inajaa mistari. Mvuke wenyewe hufyonza infraredi kati ya mawimbi 1,300 na 2,000 kwa sentimita, kwa mistari mingi kama meno ya chanuo, kwa hiyo njia nzima ya mwanga hufunikwa na kupulizwa nitrojeni kavu. Ukanda wa 876 umesalimika na mvuke, na hiyo ni sababu nyingine ya kuupenda.

Kuna kifaa kimoja ambacho pwani hukiua: kioo cha kugawanya mwanga kilichotengenezwa kwa potasiamu bromidi. Ni chumvi, kinayeyuka kwa unyevu, na kikiachwa wazi wikendi moja ambayo umeme umekatika, Jumatatu kina ukungu usiofutika. Agiza cha zinki selenidi tangu mwanzo, ingawa kinarudisha mwanga zaidi kwenye uso wake. Betri ya akiba iweke kwa kikausha unyevu kabla ya kuifikiria kompyuta.

Joto nalo. Picha ya maikromita 5 kwa 5 yenye nukta 256 kwa 256, milisekunde 10 kwa kila nukta, huchukua dakika 11 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mstari wa spektra 50, kila moja dakika 1, ni karibu saa nzima. Ncha ikisogea nanomita 1 tu kwa dakika kwa sababu ya joto, mwisho wa mstari umepotea nanomita 50, na mpaka wa chokaa na jiwe hauko ulipodhani. Kiyoyozi kinachowaka na kuzima kila robo saa ni adui kuliko joto lenyewe. Kiache kitembee mfululizo tangu usiku, kisipulize kwenye chombo, na upige picha upya baada ya spektra ili uone umehama kiasi gani. Malori ya makontena yanayokwenda bandarini yatakutikisa. Chumba kiwe chini kabisa ya jengo, meza ielee juu ya hewa, na kazi ndefu zifanywe barabara inapotulia.

Je, kila mtu anahitaji haya? Hapana. Kama chembe zako zina maikromita 1 au zaidi, hadubini ya Raman ya kawaida, inayosoma rangi ya mwanga wa leza ilivyobadilika ukirudi kutoka kwenye jiwe, itatenganisha aragonaiti na kalsaiti kwa nusu maikromita, bila ncha na bila nitrojeni. Kama unataka wastani wa kipande kizima, kisage ukipime kwa eksirei. Ipo pia Raman ya kutumia ncha, nzuri sana kwa kaboni na baadhi ya rangi, lakini ncha zake bora ni za fedha, na fedha huku kwetu, penye mikoko na matope yanayotoa harufu ya mayai viza, huingia weusi upesi. Kwa kaboneti haikupi cha kulipia usumbufu huo. Kwa plastiki ndogo za ufukweni kuna mbinu ya binamu: leza inaipasha moto sampuli, ncha inahisi ilivyovimba, na hakuna mwanga wa kutupa. Plastiki huvimba vizuri, jiwe huvimba kidogo sana.

Jambo moja kuhusu ncha zenyewe. Huja zimebandikwa kwenye kijaluba chenye jeli laini, na jeli hiyo ni silikoni ya mafuta inayotambaa (jamii ya mpira, si ile silikoni ngumu ya ncha). Mafuta yakifika kwenye ncha, utaona mstari mkali wa 1,260 kila unapopima, na pamoja nao mingine kati ya 1,000 na 1,100. Utauona kwenye jiwe, utauona kwenye resini, utauona hata kwenye dhahabu, ambayo haina mstari wowote. Ukiuona kwenye dhahabu, toa ncha hiyo, weka nyingine, na kila ulichopima nayo asubuhi hiyo ukipime upya.